Kamera Aliishika Yeye

Watu wakiniuliza ile filamu ya dagaa niliipigaje, huwa najibu kwamba niliipiga kwa mgongo. Wanacheka, wanadhani ni utani wa watu wa Mara. Si utani. Nilisimama pale Mugango, uso kwenye ziwa, hedifoni masikioni, maiki nimeifunga kwenye mpini wa reki na kuuweka begani kama mtu anayetoka shamba. Nyuma yangu mke wangu alikuwa ameshika kamera, na mbele ya kamera alikuwepo mama yake.

Kwetu, upande wa Butiama, mwanaume hamwangalii mama mkwe wake. Simaanishi tu kwamba asimkodolee macho. Hamwangalii kabisa. Hampi mkono, hali naye, haketi alipoketi, na wakikutana njiani mmoja wao anaacha njia. Nilizaliwa katikati ya ng'ombe na mwiko huo. Baadaye nikahamia Musoma mjini, nikafungua studio ya picha za pasipoti, nikajifanya mtu wa kisasa, lakini kwenye jambo hilo nilibaki mtoto wa baba yangu. Kwa miaka saba ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa kikohozi chake, kwa mwendo wa ndala zake, na kwa sauti yake nikiwa upande wa pili wa ukuta. Siku moja alikuja bila taarifa nikiwa naoga. Nilikaa humo bafuni mpaka sabuni ikanikaukia, na mke wangu sebuleni akawa anamchokoza makusudi kwa maswali ya kanisani ili asiondoke. Nilipotoka nilikuwa nimenuna kweli. Yeye alicheka siku tatu.

Mwiko huo una taratibu zake za kuuondoa. Unapeleka blanketi na mbuzi, wazee wachache wa pande mbili wanakaa, mnakula, basi, kuanzia hapo mnaangaliana kama watu wengine. Mke wangu alinikumbusha kila mwaka. Na kila mwaka nilimwambia tumalize kwanza msimu wa harusi, kwa sababu nilikuwa napiga sana harusi za Buhemba, na mchimbaji akipata dhahabu kidogo tu anaoa. Huo ndio ulikuwa udhuru wangu. Sasa nikiuandika naona hauna hata miguu ya kusimamia.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mtumba, niliinunua Mwanza kwa mtu aliyekuwa anahamia kwenye zile mpya zisizo na kioo ndani. Ilikuja na lenzi moja tu, ile fupi ya plastiki ambayo kila mtu asiye na uwezo anaanzia nayo, nyepesi kama kopo, lakini inapiga sura ya mtu mpaka unaona kope. Mengine yote tulijitengenezea. Stendi ilikuwa na mguu mmoja uliovunjika, nikaufunga kwa mpira wa tyubu. Kwa kurudisha mwanga usoni tulitumia lile zulia la fedha ambalo wenye magari huweka kwenye kioo kuzuia jua. Ili stendi isiangushwe na upepo wa ziwani, mke wangu alishona vifuko viwili vya turubai, tukavijaza mchanga. Alikuwa fundi cherehani, na vifuko vile vilikuwa na mshono wa mara mbili kana kwamba vinakwenda kuuzwa dukani.

Kamera nilimfundisha mimi, na hilo najivunia mpaka leo ingawa linaniuma. Nilimfundisha kubana viwiko mbavuni, kuvuta mkanda shingoni mpaka ukaze, kukunja magoti kidogo. Baada ya miezi miwili alikuwa amenipita. Mikono iliyozoea kupitisha kitambaa chini ya sindano haitetemeki. Harusini walimwita yeye, mimi wakaniachia taa. Nilikuwa nakasirika, sitaficha. Nilikuwa namkosoa kwa vitu vidogo vidogo ili nikumbukwe kwamba mwalimu ni mimi.

Wazo la filamu lilikuwa lake. Mama anaanika dagaa juu ya mawe, mchana, peke yake. Wingu linatokea upande wa ziwa. Anainua uso, analiangalia. Halafu anaanza kukusanya dagaa kabla mvua haijawashika, na watu wanapita na shughuli zao, hakuna anayeinama kumsaidia. Dakika nane, maneno karibu hakuna. Alitaka tukimaliza tuitundikie shuka kwenye ukumbi wa kanisa la kwao Mugango na wanawake wa pale waione kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kila kitu kiko pale anapoinua uso," aliniambia. "Uso ukiharibika, hatuna filamu."

Nikamuuliza nani ataigiza. Akasema mama yake. Nikakataa hapohapo.

"Kwani nani amekuambia umwangalie?" akasema. "Nitaangalia mimi. Wewe si unajuaga namba? Utakuwa unanitajia namba."

Ndivyo tulivyofanya kazi kwa siku nne. Mimi mgongo, yeye jicho. Nilikuwa nahisi jua linavyosogea shingoni mwangu na kumtajia namba za mwanga, yeye anageuza. Nikitaka mama asogee, namwambia mke wangu, naye anamwambia kwa Kijita, na jibu linarudi njia hiyohiyo.

"Mwambie mama ainame polepole zaidi."

"Mama anasema dagaa haiinamiwi polepole, itaozea hapa."

"Mwambie ni filamu."

"Anasema anajua ni filamu, ila mgongo ni wake."

Watu walikuja kutuangalia. Wenye mitumbwi walisimama pembeni wakajishika viuno. Mmoja akauliza huyu ni mpiga picha wa aina gani, anapiga ziwa halafu anasikiliza mama wa watu. Nilijua kila kitu cha mama mkwe kwa masikio. Nilisikia anavyopumua akinyanyua beseni, kiganja chake kinavyopita juu ya dagaa waliokauka, kishindo cha magoti yake akipiga mawe. Nikajua kwamba goti la kulia linamsumbua kabla hata bintiye hajajua.

Siku ya nne tulipiga ule uso. Lenzi yetu ikifunguliwa yote, mahali panapoonekana vizuri ni pembamba, kama upana wa kiganja tu. Mbele ya hapo ni ukungu, nyuma ya hapo ni ukungu. Kwa hiyo nilifanya nilivyozoea kufanya na maharusi. Kabla mama hajaja, nilikwenda kusimama mwenyewe kwenye jiwe atakalosimama. Mke wangu akaniweka sawa kwenye kamera, kisha akafunga pete ya lenzi kwa selotepu isitembee. Nikatoka pale, nikaenda mbali, nikageuka. Mama akaletwa. Jua lilikuwa kali, na kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera mke wangu aliona kivuli cha kichwa chake mwenyewe tu. Wingu la kweli likatokea, jambo ambalo hatukulipanga. Nilisikia watu wote wamenyamaza. Halafu mke wangu akaja, akanishika kiuno kwa nyuma, akasema tumepata.

Baada ya siku chache alikwenda Manyamanyama kwa dada yake kumsaidia kushona sare za kwaya. Alipiga cherehani hapo wiki nzima. Siku ya Jumamosi dada yake akanipigia simu kwamba mwenzangu ana homa na anatapika. Jumatatu wakamlaza hospitali pale Bunda. Madaktari walihangaika naye, siwezi kusema vinginevyo. Nilipofika alikuwa bado anaongea, midomo imekauka, na jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa kuhusu ugonjwa.

"Uso umetoka?"

"Umetoka," nikasema. "Umetoka vizuri sana."

Sikuwa nimeangalia. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kwenye kuhariri, vipande vyenye uso wa mama ataviona yeye, mimi nitafanya sauti na mawe na maji. Kadi ilikuwa bado kwenye begi. Alitabasamu, akafumba macho, akasema basi tutatundika shuka. Alhamisi asubuhi alifariki. Hatukuwa tumejaliwa mtoto.

Tulimzika kwetu Butiama, maana mke huzikwa kwa mume. Mama yake alikuja kutoka Mugango na kina mama wa kanisa. Nilizijua ndala zake zilipoingia uani. Shangazi zangu wakanishika mkono wakanipeleka upande wa zizi ili apite. Mama mkwe alipokuwa kaburini, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naangalia ng'ombe. Nilipoitwa kuweka udongo, yeye alikuwa ameshaingizwa ndani. Tulimlilia mtu mmoja siku nzima, mita chache tu kati yetu, na hatukuweza kupeana pole. Usiniambie mila ni nzuri. Siku ile niliichukia, na niliitii.

Miezi ikapita. Nilipiga pasipoti, nilipiga ubarikio, harusi nikazikataa. Begi la kamera ya filamu nililiweka juu ya kabati la nguo zake, na nguo zenyewe sikuzigusa. Kina mama wa Mugango walikuwa wanamuuliza shemeji yangu, yule dada wa Manyamanyama, kama ile sinema itaonyeshwa, au imekufa. Aliponiletea neno hilo, imekufa, nilishusha begi siku hiyohiyo.

Niliweka kadi kwenye laptopu mchana, mlango wazi, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha uso. Nilijiambia kwamba huyu si mama mkwe, hii ni picha. Nikafungua. Mawe ya nyuma yalikuwa safi, ungeweza kuhesabu dagaa mmoja mmoja. Uso wa mama ulikuwa ukungu mtupu. Kilemba ukungu, paji la uso ukungu, na pale anapoinua kichwa, ukungu unainuka. Miaka saba sikumwangalia, na siku niliyothubutu sikumwona. Nikafunga laptopu kwa nguvu mpaka mteja mmoja akasimama. Sikumkasirikia mke wangu. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu mtu yuko kitandani anakuuliza swali moja, nawe unamjibu kwa kubahatisha.

Nikampigia shemeji. Nikamweleza kwamba ule uso lazima upigwe tena, na kwamba nitafunga kamera kwenye stendi, nitaiwasha na rimoti, nitageuka, kila kitu kitakuwa kama zamani. Akasema atafikisha. Kesho yake akanijibu kwa maneno matatu tu: "Mama anasema uje."

Nilikwenda na blanketi. Mbuzi sikuwa naye, wazee sikuwa nao, na aliyepaswa kusimama katikati hakuwepo, lakini nilishindwa kwenda mikono mitupu. Nililiacha mlangoni bila kusema kitu. Nikateremka mpaka kwenye mawe, nikafunga stendi, nikaning'iniza vile vifuko vya mchanga, nikasimama kwenye jiwe lilelile ili nipime. Shemeji alikuwa amekuja kutoka Manyamanyama kutusindikiza, lakini kamera aliikataa. Alisema mashine ya mdogo wake hataishika, atakuja kuiharibu bure. Nikasikia ndala zinashuka. Nikatoka kwenye jiwe, nikageuka kwenye ziwa.

"Mama, shemeji atakuonyesha jiwe," nikasema, nikiongea na maji. "Usimame juu yake kabisa. Ile siku sijui ulisimama wapi."

Halafu akanijibu mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwa mara ya kwanza.

"Mi nilikuwaga nasogea mbele hatua moja," akasema. "Hapo juu ya jiwe si ulikuwa umesimama wewe? Nitakanyagaje alipokanyaga mkwe?"

Niliangalia mitumbwi. Hatua moja. Mimi nilikuwa namheshimu kwa mgongo, yeye alikuwa ananiheshimu kwa hatua moja, na mtoto wake alikuwa katikati anaamini namba zangu.

"Leo nitalikanyaga," akasema. "Ila na wewe geuka, baba."

"Mama, haifai."

"Geuka. Hakuna tena wa kukuangalizia."

Nikageuka. Kwanza niliangalia ndala, zilikuwa za bluu, halafu khanga, halafu nikapandisha macho kwa shida kama mtu anayenyanyua gunia. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mke wangu akiwa mzee. Nilikuwa nimejifariji kwa hilo njia nzima kutoka Musoma, kwamba angalau nitamwona humo. Sikumwona. Alikuwa mama wa watu tu, mwembamba, mweusi wa jua, pua ndefu, jicho moja dogo kuliko jingine. Mke wangu alifanana na baba yake, ambaye sikuwahi kumkuta hai. Tukaangaliana. Yeye pia alikuwa anatafuta kitu usoni mwangu, na sidhani kama alikipata. Machozi yakamtoka bila sauti, na mimi hivyohivyo, na shemeji akajifanya anapanga beseni.

Tukapiga. Nilikuza picha kwenye kioo cha kamera mpaka likabaki jicho lake peke yake, nikageuza pete taratibu mpaka nikaona kope. Hakukuwa na wingu siku hiyo. Nikamwambia aangalie juu kama vile lipo. Akauliza amwangalie nani huko juu. Nikasema wingu, mama. Aliinua uso mara tatu, na mara ya tatu nilijua tumepata, na hakukuwa na kiuno cha mtu wa kumshika kumwambia.

Nilipoanza kukunja stendi akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Filamu imekamilika sasa."

"Basi nionyeshe mwanangu."

Sikumwelewa. Nikasema filamu itakuwa tayari baada ya wiki mbili, nitaleta shuka na projekta. Akatikisa kichwa. Akasema hataki filamu, anataka kumwona mwanae anavyotembea, anavyocheka, kwa sababu picha ya ukutani haitembei na ameichoka. Siku nne alikuwa hapa na hiyo mashine, akasema. Si atakuwa humo?

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kutokana na uoga wangu kamera aliishika yeye, siku zote nne, kutoka kipande cha kwanza mpaka cha mwisho. Vipande vichache nilivyompiga mimi kujaribia mwanga, ambamo alisimama kwa utani akanitolea ulimi, nilivifuta jioni ileile kuokoa nafasi kwenye kadi. Hata simu yake ilikuwa ya batani. Sauti yake pia haipo, kwa sababu nilimfundisha kwamba mshika kamera hasikiki. Alipokosea akasema neno, nilimgombeza na kukifuta kipande. Nilimfundisha kutoa pumzi nusu na kuizuia mpaka kipande kiishe, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri, hata pumzi yake huisikii.

"Mama, hayumo," nikasema. "Yeye ndiye alikuwa anashika."

"Washa nione."

Tukakaa. Nililigeuza beseni, yeye akakaa juu yake, mimi nikakaa kwenye jiwe karibu naye, mkwe na mkwe, bega kwa bega, laptopu kwenye magoti yangu na lile zulia la fedha juu ya vichwa vyetu kukinga jua. Nikafungua kipande cha kwanza. Mkono wake unasambaza dagaa. "Huyu ni mimi," akasema. Cha pili, miguu yake kwenye mawe. "Huyu pia ni mimi." Aliangalia kila kimoja mpaka mwisho, na kila kilipokaribia kuisha alisogeza uso kwenye kioo, akiangalia pembeni pa picha, mahali ambapo mtu angeweza kuingia. Hakuingia mtu. Ulikuwa mkono wa mwanae usiotetemeka hata kidogo, kipande baada ya kipande. Tulimaliza vyote jua likiwa limeshageuka, na shemeji alikuwa ameondoka kwenda kupika.

Nikataka kufunga. Akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Rudisha mwanzo, baba," akasema. "Labda tumempita."

Nikarudisha mwanzo.